Nani Yuko Juu Yangu?

Taa iliyowaka haikuwa na waya.

Gudrun Nygaard aliitazama, akaigusa kwa ukucha, kisha akamgeukia mwenzake wa kuunganisha simu, Bernadette, aliyekuwa anakula mkate wake kwa kujificha nyuma ya ubao wa simu, wenye tundu na taa kwa kila ghorofa.

"Shoga, hebu njoo uone. Tundu la juu kabisa linaita."

"La Mkuki? Toka hapa! Kule hakuna simu. Hakuna hata kigoda."

Na kweli hakukuwa na kitu. Mkuki ndilo jina ambalo mafundi waliipa ile ncha ya chuma iliyokuwa juu ya jengo la Bwana Thaddeus Crandall, pale Manhattan ya chini, nayo haikuwa na kazi yoyote duniani ila kuwa juu. Haikaliwi, haipangishwi, haina dirisha. Bomba tupu lenye ngazi nyembamba ndani, limesimamishwa ili tajiri mmoja amkomoe tajiri mwenzake. Maana mitaa ya juu kulikuwa na mwingine anayejenga, na kila huyo akiongeza ghorofa, Crandall naye anaongeza, watu wazima na ndevu zao, kama watoto wanaosimama kwa ncha za vidole wakigombania nani mrefu. Mwishowe Crandall akauunga Mkuki kwa siri ndani ya paa, asubuhi moja ukasukumwa nje, na yule wa mitaa ya juu akabaki ameachama. Kwenye ubao wa simu Crandall akaamuru Mkuki uwe na tundu na namba yake, ili ghorofa zihesabike nyingi. Waya? Wa kumpigia nani?

Na mtu huyuhuyu, msicheke, jengo lake halikuwa na ghorofa ya kumi na tatu. Lifti ilitoka ya kumi na mbili ikarukia ya kumi na nne, kwa kuogopa mkosi. Namba aliiogopa.

Gudrun akachomeka plagi, akasema walichofundishwa kumwambia kila anayepiga, kutwa kucha: "Jengo la Crandall, refu kuliko yote duniani, nikusaidie?"

Kwanza pumzi, nzito, kama ya mtu aliyepanda ngazi nyingi. Harufu ya chuma kilichoungua ikampanda puani.

"Nani yuko juu yangu?" sauti ikauliza taratibu.

"Hakuna, bwana," Gudrun akajibu, kwa kuwa hilo nalo walifundishwa.

Sauti ikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekunwa mahali panapowasha. Taa ikazima.

Jioni alimsimulia mumewe Halvor jikoni kwao Brooklyn. Halvor alikuwa fundi wa vyuma, yeye na kundi lake ndio walioupandisha Mkuki. Aliweka uma chini, samaki wa chumvi akapoa sahanini.

"Hatukuweka mti," alisema.

Kwa mafundi wa vyuma, na hawa Wanorwe wa kwao Halvor hasa, mhimili wa mwisho haupandi mtupu. Hufungiwa msonobari mdogo, ukakaa kule juu ukapepea, watu wakanywa, kazi ikaisha.

"Babu yangu alikuwa akisema nyumba isiyo na mti juu ni nyumba isiyo na mwenyewe," Halvor aliendelea. "Wale wasioonekana wakipita, wakiuona mti, wanajua pana watu, wanashika njia yao. Crandall akakataa. Eti yule wa mitaa ya juu akiuona atajua tumemaliza, naye ataongeza."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mke wangu? Foleni ya wasio na kazi wanaogawiwa mkate umeiona ilikofika. Nikifungua mdomo, kesho nami nimo."

Gudrun hakumlaumu. Lakini tangu usiku ule hakupenda kumwona akivaa viatu vya kazi.

Baada ya hapo taa ikawa inawaka kila siku, kisha kila saa. Bernadette aliapa kwa watakatifu wote hatoligusa tundu lile, kwa hiyo aliyejibu ni Gudrun. Swali lilikuwa hilohilo, jibu hilohilo, kicheko hichohicho. Mshale wa lifti ukaanza kuvuka namba ya mwisho na kusimama mahali pasipo na namba, na lifti ikirudi, ilirudi tupu, ina joto kama tanuri, na sakafu yake imejaa vumbi la kutu. Jengo zima lilikuwa na wapangaji wa kuhesabu kwa vidole, maana biashara za mji zilikuwa zimekufa na nani wa kukodi ofisi? Ghorofa kwa ghorofa zilikuwa tupu, ila juu ya utupu wote huo palikuwa na mtu anatembea.

Ndipo Torleif, rafiki yake Halvor, alipopandishwa kwenda kukaza boliti za Mkuki. Aliteremka akiwa hai, na hakuwa na jeraha. Tatizo lilikuwa shingo. Uso wake ulikuwa umeelekea juu, kidevu kimeinuka, macho yamekodoka mbinguni, na wanaume wanne hawakuweza kumshusha kichwa. Hospitali walimlaza chali na kumlisha kwa kijiko. Hakuweza tena kuitazama ardhi, hata viatu vyake mwenyewe.

"Na wewe usipande, Halvor," Gudrun alimwambia. "Nakuomba. Nitafua nguo za watu, tutakula viazi, lakini usipande."

"Sipandi," Halvor akasema.

Wiki hiyohiyo magazeti yakatangaza: lile jengo la mitaa ya juu limewekewa ncha yake nalo, na limempita Crandall. Kwa kiasi gani? Urefu wa basi. Kwa ajili ya urefu huo wa basi Bwana Crandall aliingia chumba cha simu amepauka, sigara nene imezimika mdomoni, gazeti limekunjwa kama fimbo ya kuulia mende.

"Hakuna kinachobadilika!" akafoka. "Mtaendelea kusema refu kuliko yote. Gazeti si kipimo! Leo kuna wingu, hakuna atakayeona. Naongeza kipande juu ya Mkuki. Mumeo yuko wapi, Bibi Nygaard?"

"Mume wangu hapandi, bwana."

"Ameshapanda. Nimemwambia apande yeye, au kundi lake lote liende nyumbani. Watu kumi na familia zao. Ana moyo laini, mumeo."

Alitabasamu akatoka. Gudrun alibaki ameshika meza kwa mikono miwili. Nje ya dirisha wingu lilikuwa limelifunika jiji, jeupe, zito, mchana kweupe huoni jengo la ng'ambo ya barabara.

Taa ya juu ikawaka.

Hakusema yale maneno ya kazi. Alichomeka tu, akasikiliza, na kwanza akasikia chuma kikilia kwa upepo, kisha buti zikigonga ngazi moja baada ya nyingine, kisha pumzi ya Halvor, aliyoijua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake, pumzi ya mtu anayejikaza asiogope, na nyuma ya pumzi ile, karibu nayo mno, karibu kama mtu anayekunong'oneza shingoni, ile pumzi nyingine, na harufu ya kuungua ikamwagika kutoka kwenye simu ikajaa chumba mpaka Bernadette akaziba pua kwa gauni lake.

"Nani yuko juu yangu?" sauti ikauliza. Safari hii haikucheka. "Kuna mtu anataka kunipita. Ameshika ngazi yangu. Anataka kunikanyaga kichwani."

"Mwache," Gudrun akanong'ona. "Mwache, nakusihi, huyo ni mume wangu."

"Basi atazame juu. Atazame juu daima, ajue nani yuko juu."

"Bernadette! Umm Nasif yupo mlango wa nyuma? Mbio!"

Umm Nasif alikuwa Mshami, mhamiaji kutoka Syria, wa Mtaa wa Washington, aliyewauzia wafanyakazi mikate bapa na zeituni kila adhuhuri, na kwa Washami wenzake alijulikana kwa kutoa majini. Alifika akitweta, mjane mnene mwenye shuka nyeusi, akanusa hewa mara moja, akatoa chetezo kutoka kwenye kapu la mikate kana kwamba alikijia.

"Yarabi," alisema. "Nimelinusa hili tangu barabarani, nikadhani ni jiko la mtu."

Akaweka ubani kwenye makaa, akauzunguka ubao wa simu mara saba, akainamia simu na kusema kwa sauti ya chini: "Wewe uliyeingia nyumba isiyo yako, taja jina lako utoke."

"Nyumba isiyo yangu?" sauti ikajibu, nao wote watatu wakaisikia bila kuvaa simu masikioni. "Ilikuwa tupu. Haikuwa na mti. Na hapa naambiwa kila saa kwamba hakuna aliye juu yangu. Kuna wapi kuzuri kuliko hapa? Sitoki."

Makaa yakazima yenyewe kwenye chetezo. Umm Nasif akarudi nyuma, jasho likimtiririka.

"Mwanangu, ubani wangu hauna nguvu hapa. Mimi namfukuza, nyinyi mnamsifu! Nani aondoke anaposifiwa?"

Kule juu buti ziliacha kugonga ngazi. Gudrun akamsikia Halvor akigugumiza, "Shingo yangu," na halafu, kama mtoto, "Gudrun."

Hapo woga ukamtoka, na kilichobaki kilikuwa hasira tupu. Alimjua huyu kiumbe. Alimjua vizuri sana! Alikuwa Crandall mtupu, yule anayeingia kila asubuhi na sigara yake nene mdomoni.

Akaivuta simu. Wakati huohuo Crandall alisimama mlangoni, ameletwa na harufu.

"Uliniuliza nani yuko juu yako," Gudrun alisema. "Nilikudanganya. Yupo."

"Bibi Nygaard!" Crandall akaruka. "Thubutu! Ukisema neno hilo kwenye simu yangu, wewe na mumeo hamtapata kazi mji huu!"

"Kuna jengo mitaa ya juu," Gudrun akaendelea, bila kumtazama. "Limekupita. Magazeti yote yameandika, mji mzima unajua, wewe tu na huyu bwana ndio hamtaki kujua. Umekaa kwenye bomba, na kuna mtu amekaa juu yako."

"Limenipita?" sauti ikauliza. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliyevunjiwa heshima mbele ya wageni.

"Limekupita! Na kuna jingine wanachimba msingi, nalo litalipita hilo."

Jengo likatikisika. Maji kwenye glasi ya Bernadette yakainama upande mmoja yakakaa hivyo, madirisha yakalia yote kwa pamoja, na kitu kikubwa kikapita ndani ya wingu kuelekea mitaa ya juu, kwa haraka, kama mpangaji aliyesikia kuna chumba bora zaidi na anaogopa kitachukuliwa. Harufu ikakatika. Maji yakatulia.

"Umemwambia nini?" Crandall akasema. Machozi yalimlenga, mtu mzima yule. "Alikuwa mpangaji wangu! Alikaa juu kabisa! Ulitaka aende kwa yule?"

Akatoka mbio kuelekea lifti, na mlango wa lifti ukafunguka mbele yake. Halvor akatoka, amejishikilia ukuta, uso umeelekea darini. Crandall alimsukuma kando, akaingia, mlango ukafungwa.

"Angalia chini," Gudrun akamwambia mumewe, akimshika mashavu kwa viganja vyake. "Halvor, mpenzi wangu. Viatu vyako. Angalia viatu vyako."

Shingo ikalia kama bawaba yenye kutu. Polepole kidevu kikashuka, kikashuka, mpaka akaviona viatu vyake vimejaa matope, na akaangua kilio akivitazama. Umm Nasif alimpa mkate ashike, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa.

Gudrun alikuwa amekwisha kuvaa koti lake. Kazi hana, hilo alilijua, na hakujali. Ndipo taa ya juu ikawaka tena.

"Usiguse," Bernadette akamwomba. "Kaondoka! Si kaondoka?"

Gudrun akachomeka. Upepo. Pumzi ya mtu aliyepanda ngazi nyingi na hakuzoea kupanda hata moja. Kisha sauti, nayo aliijua, ilikuwa imemfokea dakika chache tu zilizopita.

"Nani yuko juu yangu?" Crandall aliuliza kutoka mahali pasipo na simu.

"Wote, bwana," Gudrun akasema, akachomoa plagi.

Walimteremsha kesho yake, kidevu juu, macho yamekodoka. Wakamlaza kando ya Torleif, naye Torleif siku hizi anakaa kitandani na kuangalia chini kama watu wengine, Umm Nasif alimsomea wiki tatu. Crandall hasomeki, amesomewa na kidevu hakishuki. Kila asubuhi anamuuliza muuguzi swali lake, na muuguzi, mtu wa kusema kweli, anamjibu kwamba ghorofa ya juu ni chumba cha kufulia mashuka.

Basi hulia, anaomba kitanda chake kihamishiwe huko.