Mwezi Haukuonekana, Mfumo Ukasema Idd

"Umeniuza, Hamida! Umeniuza kwa wapinzani wangu!"

Jamani... mzee Haroub ananiambia hivyo mbele ya wanawe, uji wa futari umepoa mezani.

Mzee huyu anauza nyama Vingunguti. Mie na mwenzangu Valerian ndo tulimtengenezea mfumo wa kompyuta. Mkesha wa Idd, ikifika saa tatu usiku, unawatumia wachinjaji wake wote meseji waanze kazi.

Sasa redio imetoka kutangaza mwezi haujaonekana. Kesho bado tunafunga.

Na mfumo unasema kesho Idd. Mzee anaona nimefanya makusudi.

Ng'ombe wote wa sikukuu wachinjwe leo, nani ataila ile nyama? Mzee angeanguka, na mie nani angenipa kazi tena mjini hapa?

"Tulia mzee, nabadilisha tarehe sasa hivi."

Sehemu ya kubadilishia niliiweka mwenyewe, unabonyeza tu.

Nikafungua... haipo.

Mtu kaing'oa. Tarehe kaiandika ndani kabisa ya programu, huifikii bila nywila ya Valerian.

Nikampigia, simu nimeiweka spika.

"Vale, umefanya nini?"

"Niliifunga. Niliagizwa."

"Na nani?"



"Na mzee mwenyewe."

Wote tukamgeukia.

"Mwaka jana Nasser alibadilisha tarehe kwa tetesi za WhatsApp," mzee akasema taratibu. "Nyama ikaoza. Nikamwambia Valerian afunge, mtu asiiguse tena. Tarehe nikampa ya kwenye kalenda, nikasahau."

Nasser, mwanawe mkubwa, akainamisha kichwa.

Hasira zilinipanda, siwafichi. Yaani mtu kajifungia mwenyewe, halafu msaliti mie? Ila muda ulikuwa unakimbia. Valerian akanipa nywila, nikairudisha ile sehemu, nikasogeza tarehe.

Saa tatu ikapita. Meseji haikwenda.

"Nimekukosea, mwanangu."

"Yameisha, mzee. Tarehe tuiache wazi, mwezi hauna bosi. Tunachofunga ni ruhusa ya kuibadilisha. Uwe nayo wewe peke yako."

Akakataa.

"Ya mwaka huu kaiharibu nani, si mie? Weka wawili, mie na wewe. Mmoja akikosea, mwingine agome."

Wapendwa, kabla hujafunga kitu jiulize kama kinabadilika bila ruhusa yako. Na ukikiacha wazi, usimwachie kila mtu, wala mwenye mali peke yake.

Mwisho wa Ramadhani iliyofuata mzee akanipigia ana haraka zake, kaambiwa msikitini mwezi umeonekana.

"Redio bado haijasema," nikamjibu. "Nagoma."

Akacheka... akasubiri.