Brosi Isiyogusa Chuma

Siku ya soko pale Masisi, pikipiki zikipenya kati ya vikapu vya jibini, Drocella alikuwa anachomelea geti, kitenge cha njano juu ya suruali ya jinzi. Kijana mwenye shati jeupe akasimama karibu, akatoa kipande cha aluminiamu na kuanza kukisugua kwa brosi yake, burashi ya nyaya.

"We kaka! Hiyo brosi iko ya kusugua chuma. Unachafua aluminiamu!"

"Pole, dada. Miye Apollinaire, fundi wa ndege kule Walikale."

"Fundi wa ndege, na haujue brosi?"

Wakacheka. Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Ulikula, sheri, mpenzi wangu?" Apollinaire akauliza.

"Nilikula moshi."

Lakini mama yake Apollinaire, mwenye duka Butembo, hakucheka. "Bibi ya kuoa, wa kuchomelea vyuma? Na vidole nyeusi vile?"

"Mwambie sitavificha siku ya harusi," Drocella akajibu, Apollinaire alipomsimulia.

Kisha Apollinaire akaleta kishikio cha aluminiamu kinachobeba bomba la chuma chini ya kiti cha rubani. "Viunganishe leo, roho yangu. Patron, bosi wangu, anangoja. Mama naye anasema ukiweza hii, atakukubali."

"Hapana. Ukiyeyusha chuma na aluminiamu pamoja, mushono unakuwa kama biskuti. Itavunjikia huko juu."

"Unanipatisha haya!"

"Afazali upate haya kuliko nikuzike."

Apollinaire akaondoka kwa hasira, akampa fundi mwingine kazi hiyo. Wiki mbili hakupiga simu. Drocella naye hakupiga.

Apollinaire akarudi siku ya soko, viatu vimejaa matope, akaweka mezani kishikio kilichokatika. "Nilikigonga na nyundo mara moja tu, kabla ya kukifunga mu ndege. Njo hii unaona."

Akatoa na kipande kingine kidogo: upande mmoja aluminiamu, wa pili chuma, vimebanwa pamoja kiwandani bila kuyeyushwa. "Niliagiza. Unashona aluminiamu kwa upande wa aluminiamu, chuma kwa upande wa chuma."

"Hii nakubali. Na mama?"

"Nilimuonyesha iliyovunjika. Akanyamaza."

"Kunyamaza haiko kukubali."

"Atazoea. Miye nimekuja." Akatoa mfukoni brosi mpya. "Ya kusugua aluminiamu peke yake. Nataka kukuoa, Drocella, na kazi hautaacha."

Drocella akapitisha kidole cheusi juu ya nyaya za brosi. "Chuma ikigusa hii, unarudi kwenu."

"Nimesikia, patron."

Mama Godelieve, muuza jibini, akapaza sauti: "Ee! Anakuposa na brosi?"

"Na brosi, Mama!" Drocella akashusha kioo chake cha kuchomelea. "Na Butembo wasikie."