Chini ya Lori Kuukuu

Rafiki yangu mshonaji ana mume fundi magari, mtu wa mikono mizuri na kichwa cha kusahau. Yaliyompata ni haya.

Adhuhuri moja alikuwa akibadilisha cheni ya taimingi, ile inayopanga mwendo wa vali za injini, kwenye lori kuukuu. Ili wateja wasimsumbue, shemeji yake alimfungia geti la gereji kwa nje, kama kawaida yao. Fundi akalitoa lori kwenye gia, apate kuzungusha injini kwa mkono, akaiacha cheni mpya juu ya benchi, akashuka kwenye shimo la gereji. Mawe ya kuzuia magurudumu hakuweka. Kichwa chake nimeshakitaja.

Alipoivuta tu ile cheni mbovu ikatoka, lori likarudi nyuma polepole, likafunika ngazi ya kutokea. Giza tupu. Dizeli ikaanza kuvuja, harufu ikamkaba koo. Akaita mpaka sauti ikakauka.

Kisha, juu ya uso wake, akasikia spana: krr, krr, krr.

"Shemeji, achana na injini. Sogeza lori, nakosa pumzi."

Krr, krr. Bila haraka yoyote.

"Umeninunia nini? Nitakufa humu na mzaha wako."

Spana ikanyamaza. Ndipo kufuli la geti likalia kwa nje.

"Fundi, bado tu?" shemeji akauliza, ndiyo kwanza anaingia.

Akaita majirani, wakalisukuma lori, fundi akatoka akitapika. Shemeji akamulika injini. Cheni mpya ilikuwa imekaa kwenye meno, alama zake za kupangia zimelingana sawasawa. Akaigusa, akaurudisha mkono haraka.

Ilikuwa na joto la kiganja cha mtu.