Mutunga Alijibu Akiwa Amelala

Mutunga ni dereva. Anaendesha pikapu nyeupe ya kampuni inayouza dawa za mifugo. Siku za kazi anaamka wakati jogoo wa jirani bado anafikiria kama atawika au hapana. Anatoka Kitengela, anapita Kajiado na Bisil, mpaka Namanga. Njiani anashusha katoni za dawa za kupe na minyoo. Mchana anageuza gari na kurudi.

Mkewe, Mwongeli, anashona nguo za shule pale nyumbani. Mtoto wao Mukai akienda shule, nyumba inabaki na sauti moja tu, ya cherehani.

Kwenda hakukuwa na shida. Asubuhi upepo ni wa baridi na macho ni mepesi. Shida ilikuwa kurudi. Ukishakula chakula cha mchana, barabara ile inanyooka kama uzi. Jua linalala juu ya lami. Mbele unaona maji yanang'aa, ukifika hakuna maji. Vilima vya mbali vinaelea. Mbuzi wanaelea. Mwisho dereva naye anaanza kuelea.

"Mama Mukai," Mutunga alimwambia mkewe siku moja, "usingizi wa mchana unanitafuta kama askari."

Mwongeli akamtafutia dawa. Kila mchana alimpigia simu. Mutunga aliiweka simu kwa spika, juu ya dashibodi, naye Mwongeli akamtegea vitendawili mpaka afike Kajiado. Aliamini kwamba mtu anayejibu hawezi kulala. Hata wewe ungeamini hivyo.

Siku moja ya joto kali Mwongeli alipiga simu kama kawaida.

"Kitendawili!"

"Tega," akajibu Mutunga.

"Ana mguu mmoja na kofia kubwa, lakini hatembei."

"Uyoga! Hiyo si ni ya watoto wa chekechea?"

"Haya, mjanja. Kitendawili!"

"Tega."

"Nakata kwa kisu, sioni kidonda."

Gari lilisikika likinguruma polepole.

"Umeshindwa? Nipe mji," akasema Mwongeli.

"Nakupa Machakos."

"Nikaenda Machakos, nikala, nikanywa, nikalala kwa kitanda cha chifu. Jibu ni maji!"

"Maji," akasema Mutunga. Sauti yake ilikuwa laini, kama ya mtoto. "Ndiyo, nayaona. Ngoja nivuke huu mto kwanza. Mama ananiita ng'ambo."

Mwongeli alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Pale hakuna mto. Na mama yake Mutunga walimzika zamani, kule Makueni.

"Baba Mukai!" akapiga kelele. "Baba Mukai, amka!"

Alisikia mawe yakigonga chuma. Alisikia breki. Alisikia mbuzi wakilia. Halafu kimya.

Mutunga alipozinduka na kukanyaga breki, pikapu ilikuwa imetoka barabarani na kuingia vichakani. Mkanda ulikuwa umemshika kifua. Mbele yake vumbi lilishuka taratibu, na katika vumbi lile alisimama mzee mmoja wa Kimaasai na fimbo yake. Mzee akaja mpaka dirishani.

"Sopa," akasalimu.

"Ipa," akajibu Mutunga.

"Mbuzi zangu zilikuwa zinaenda kunywa maji. Wewe ulikuwa unaenda wapi?"

Hakuna mbuzi aliyekufa, wala mtu. Mutunga alimwambia Mwongeli kwamba yuko hai, akairudisha pikapu barabarani, akaendesha polepole mpaka nyumbani.

Jioni ile jirani yao Naliaka alikuja kuchukua sketi ya binti yake. Naliaka ni dereva wa ambulansi mjini Kajiado. Aliwakuta wamekaa kimya, chai imepoa.

"Kwani mmefiwa?" akauliza.

"Ilibaki kidogo," akasema Mwongeli, na akamweleza yote. "Na tulikuwa tunaongea, dada! Hata mji alinipa!"

"Mji gani?" akauliza Mutunga.

"Machakos. Si ulinipa Machakos?"

"Mimi nakumbuka uyoga," akasema Mutunga. "Baada ya uyoga sikusikia kitu."

Mwongeli alishika mdomo kwa mikono miwili. Naliaka akavuta kiti.

"Sasa nami nitege," akasema. "Mgeni wangu hapigi hodi. Akiingia anafunga madirisha mawili, mlango anauacha wazi."

"Usingizi," akasema Mutunga. "Macho yanafungwa, mdomo unabaki wazi."

"Huyo huyo. Na huyo mgeni hafukuzwi na maneno. Ubongo uliochoka unalala kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia kanisani na bado anaitikia amina. Ni muda mfupi tu, lakini gari halisimami kukungoja. Tena mazungumzo ya simu yanakula akili ya dereva, hata kama simu iko kwa spika na mikono iko kwa usukani."

"Nikifungua dirisha? Nikiweka muziki?"

"Unamkaribisha mgeni kwa ngoma. Hatoki."

"Na kahawa?"

"Inasaidia kwa muda mfupi. Deni la usingizi linalipwa kwa usingizi, Baba Mukai. Lala mapema usiku. Mchana macho yakianza kuwa mazito, usingoje mpaka ufike. Toka barabarani kabisa, simama mahali salama, funga milango, lala kidogo, kama dakika ishirini. Ukiamka, tembea kidogo ndio uendelee. Na simu izime mpaka gari lisimame."

"Hillary atanifuta kazi," akasema Mutunga. "Yeye mwenyewe hupiga simu kuuliza nimefika wapi. Akisikia nalala, atatafuta dereva mwingine."

"Huyo mwingine naye ana macho mawili," akasema Naliaka. "Usalama wa dereva ni kazi ya mwajiri pia. Mwambie."

Usiku huo Mutunga alifikiria kunyamaza. Nani angejua? Lakini kila alipofumba macho aliuona ule mto.

Asubuhi alienda kwa Hillary, msimamizi wa magari ya kampuni, akamweleza yote.

"Kwa hivyo unataka nikulipe ulale?" akauliza Hillary.

"Nilipe nilale, bosi, ama ununue jeneza. Na sitakuwa peke yangu barabarani siku hiyo."

Hillary hakupenda jibu hilo. "Kesho tunaenda pamoja," akasema. "Nataka kuona huo usingizi wenu."

Wakaenda. Mpaka Namanga, Hillary aliongea njia yote. Walipokula na kugeuza gari, aliendelea kuongea. Kisha akaongea polepole. Kisha akanyamaza. Kabla ya Bisil kichwa chake kilikuwa kwenye kioo, akikoroma, mdomo wazi. Mutunga, ambaye alikuwa amelala mapema usiku uliotangulia, alitoka barabarani, akaegesha gari karibu na maduka, akamwacha.

"Tumefika?" Hillary aliuliza alipoamka, akijipangusa mdomo.

"Tuko Bisil, bosi. Nikulipe?"

Hillary alicheka mpaka akakohoa. Lakini wiki ile aliwaita madereva wote. Akapunguza vituo vya kila safari. Akaweka mapumziko ya mchana kwenye ratiba. Akasema dereva aliyechoka asimame na aseme, hatafutwa kazi. Na yeye mwenyewe akaacha kuwapigia madereva simu wakiwa barabarani.

Aliyepata kazi ngumu kuliko wote ni Mwongeli. Mchana wa kwanza alikaa na simu mapajani. Mkono wake uliifuata, akaurudisha. Akashona kola, akaifumua, akaishona tena. Kimya cha simu kilimtisha. Baadaye akakumbuka: kimya hicho maana yake ni mume wake anaangalia barabara.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati geti lilipolia. Mutunga aliingia, viatu vimejaa vumbi, macho maangavu.

"Umechelewa," akasema Mwongeli.

"Nimechelewa," akajibu mumewe. Akanawa mikono, akakaa kula.