Kisutu Juu ya Mashine

Udi wa Asmaa ulikwisha wiki iliyopita, na bado ulikuwa ukinukia nyumbani.

Tena si udi wa dukani, tuelewane. Udi ule mamake aliupika mwenyewe huko Mwera, kwa sukari na ambari na miski ya kuokoteza, katika miaka ile ya dhiki ambayo mtu alidamka alfajiri kupanga foleni, akarudi adhuhuri na nusu kipande cha sabuni, akashukuru. Kila nyumba ya pwani ina mapishi yake ya udi, na hafundishwi mtu wa nje. Kwa hiyo harufu ilipomfikia Asmaa mchana ule, naye ameketi uani anachambua mchele, hakujiuliza ni udi wa nani. Alijiuliza nani kauchoma. Alikwenda kufungua kopo, akalikuta tupu. Akagusa chetezo, baridi. Akaifuata harufu mpaka mlango wa chumba cha mbele, alikokuwa mumewe Muhanad na mashine yake.

"Muhanad, nani kachoma udi?"

"Hakuna aliyechoma." Hakugeuka. "Ingia au toka, bibie, lakini mlango urudishe. Mwanga unamkera."

"Unamkera nani?"

Muhanad aliendelea kubonyeza vitufe. Asmaa alirudisha mlango, akarudi kwenye ungo wake, na wali wa siku ile ulikuwa na mawe.

Mashine yenyewe ililetwa na zama za ruksa. Kabla yake chumba kile kilikuwa duka la vitambaa la marehemu babake Muhanad, Mwarabu wa Pemba aliyehamia Makorora. Uhaba ulipoingia duka likabaki rafu na panya, na Muhanad akabaki kukaa barazani na kanzu safi, hana la kufanya. Halafu milango ikafunguliwa, watu wakaruhusiwa kuleta vyao kutoka nje, mji ukajaa redio na mitumba na sabuni za kunukia, na binamu yake wa Dubai akamletea mashine ya gemu, kubwa kama kabati la nguo, ya kutia sarafu. "Asmaa," Muhanad alisema, "sasa tumetoka." Asmaa alilia kwa furaha. Alimpenda mumewe na hakuona haya kulisema. Mtoto hawakujaaliwa, shida walizila pamoja katika sahani moja, na kicheko cha mwanamume yule ndiyo mali aliyokuwa nayo duniani.

Wachukuzi wawili waliiingiza, wakaisimamisha ukutani, wakabaki kutazama huku wakijifuta jasho. Muhanad alitia sarafu ya kwanza kwa mkono wake na kioo kikawaka. Lilikuwa gemu la Ujapani ya kale, zama za mabwana wa panga. Unamwongoza binti wa hekalu mwenye vazi jekundu, anaruka angani kwenda juu, juu tu, na chini yake vinapita vijiji vya mapaa yaliyopinda na mabonde ya mpunga yaliyojaa maji. Kutoka juu wanamshukia mashetani: vinyago, taa za karatasi zenye ulimi, miavuli yenye jicho moja. Yeye anawatupia vikaratasi vilivyoandikwa maandishi, na kila anayepatwa anapasuka.

"Kumbe anapiga hirizi," mchukuzi mmoja alisema, wakacheka wote.

Jioni yake ilikuwa kuamkia Ijumaa. Asmaa akafanya ambalo mwanamke yeyote wa pwani angelifanya kitu kipya kikiingia nyumbani, kwa ajili ya baraka na macho ya watu. Alichukua udi wake wa harusi uliosalia, akaifukiza mashine mbele na nyuma, akainyunyizia marashi. Halafu, kwa kuwa vumbi la Makorora halina adabu, akatafuta nguo ya kuifunika. Nguo ya maana aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, kisutu chake, kanga ile nyekundu, nyeusi na nyeupe anayovishwa biharusi. Kisutu hicho kilipatikana kwa kujuana, maana hata harusi yao ilikuwa harusi ya uhaba. Alikitandaza juu ya mashine na kuzivuta pembe zikae sawa.

"Utadhani unapamba biharusi," Muhanad alisema.

"Kitu kinachotulisha hukipambi?"

Wakacheka, wakaenda kulala. Kila Alhamisi baada ya hapo Asmaa alifukiza na kufunika, mpaka udi ukamwishia.

Riziki ilikuja, hilo lisemwe kwa haki. Vijana wa bandarini na wanafunzi walijaa pale mpaka magharibi. Lakini Muhanad akaanza kuwatoa mapema. Kwanza saa ya kulala mchana, anafunga mlango wa barabarani, anacheza peke yake. Baadaye asubuhi. Baadaye hakufungua kabisa, na waliogonga walichoka wakaenda zao.

Siku moja Asmaa alimwita Fanueli, fundi wa redio kutoka Muheza, kwa kisingizio cha kusafisha vumbi ndani ya mashine. Fundi alikaa kule ndani kitambo, kisha akatoka uani anafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Dada Asmaa, gemu hili nimelicheza Mombasa mpaka mwisho wake," alisema kwa sauti ya chini. "Mwishoni kuna bwana wa vita amepanda farasi wa moto. Yule mwanamke simjui ametoka wapi."

"Mwanamke gani?"

"Wa nguo nyeupe, nywele zimemfunika uso. Amekaa kule juu kabisa. Hapigi, hapigwi. Na mumeo akimfikia anaondoa kidole kwenye kitufe, anamtazama tu."

Alikataa chai na hakudai ujira wake, akaondoka kwa njia ya uani ili asipite tena chumba kile.

Ndipo Asmaa akaanza kuyaona aliyokuwa akijizuia kuyaona. Mumewe alikuwa akioga kabla ya kuingia kwa mashine, akivaa kanzu iliyopigwa pasi, akijipaka mafuta nywele, mambo ambayo yeye hakufanyiwa tangu fungate. Alikuwa ametandika mkeka mbele ya mashine na hakulala tena kitandani. Alipopelekewa chakula alisema, "Ongeza sahani ya pili," na sahani ya pili ilirudi tupu, imefutwa hadi mafuta. Na siku Asmaa alipoutoa mkeka kuupiga vumbi, alivuta kwenye ukindu unywele mmoja, mweusi, akauvuta, ukaja, akauvuta, ukazidi kuja, mpaka akauachia na kukimbilia msalani kunawa mikono.

Alimshika mumewe mikono. "Muhanad, nitazame mimi. Nimekukosea nini?"

"Hujakosea, Asmaa." Alisema kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko matusi. "Wewe ndiye uliyemkaribisha."

Jioni ile umeme ulikatika mtaa mzima. Asmaa alisikia majirani wakiulizana mishumaa, akasikia adhana ya magharibi kwa mdomo mtupu bila kipaza sauti, akamshukuru Mungu kwamba leo kioo kile kitazimika na mumewe atatoka, akakaa ukumbini kumsubiri, na katika kimya kile cha mji usio na umeme akausikia muziki wa gemu ukilia chumba cha mbele, ule wa nyuzi na filimbi, polepole kuliko siku zote, na juu yake sauti ya mwanamke ikiufuatisha kwa kuimba bila maneno kama anayembembeleza mtu kichwa kikiwa pajani, na harufu ya udi, udi wake yeye, udi wa mamake, ikapita chini ya mlango nzito kiasi cha kumwasha macho. Akausukuma mlango kwa kidole. Waya wa mashine ulikuwa sakafuni, umechomolewa. Kioo kilikuwa kinawaka. Mwanamke alikuwa amekijaza kioo chote, amekuja karibu mno, nywele usoni, na nguo yake haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, madoa kwa madoa, pindo kwa pindo.

Asmaa akakitazama kisutu chake pale kilipokuwa kimekunjwa juu ya mashine. Kilikuwa kitambaa kitupu, cheupe pepe.

Alfajiri alikwenda kwa shangazi yake Muhanad, Bi Hamdiya, aliyemlea mumewe tangu ananyonya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Asmaa alimweleza yote, hakuficha hata la sahani. Bi Hamdiya alisikiliza, tasbihi imesimama mkononi.

"Ulipoifukiza, ulitumia udi gani?"

"Wangu wa harusi."

"Na hicho ulichoifunikia?"

"Kisutu changu."

"Walioibeba walikuwa wangapi?"

"Wawili. Walisimama wakitazama Muhanad akitia sarafu."

Bibi alifumba macho. "Sarafu ile ndiyo mahari, na hao ndio mashahidi wawili. Biharusi kafukizwa, kavishwa, tena usiku wa Ijumaa. Mashine yenye majini yaliyochorwa tele kiooni wewe unaichomea udi, Asmaa? Udi huwaita. Mvuje ndio huwafukuza. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na nguo yenyewe umeitandika wewe."

Asmaa alilia, na Bi Hamdiya akalia naye, kisha akatuma mtu akamwite Mwalimu Uweso.

Mwalimu Uweso alikuwa mtu wa dini na wa dawa, mtulivu, asiye na mbwembwe. Alifika asubuhi na mvuje wake na kombe ndani ya chupa, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Alisoma, akafukiza mvuje mpaka paka wa jirani wakahama, akamnywesha Muhanad kombe. Muhanad alikunywa bila ubishi, akaomba radhi kwa usumbufu, akarudi kukaa mkekani. Mwanamke kiooni hakutikisika.

"Tuitoe nje mashine tuichome," Asmaa alisema.

"Ukiitoa na ndoa ingali imefungwa, mumeo atatoka nayo. Utamzika." Mwalimu alifuta uso kwa kilemba. "Nimekosea mimi. Nimemfukiza kama mwizi, kumbe huyu ni mke. Mke hafukuzwi kwa mvuje, hutolewa kwa talaka. Muhanad aseme kwa kinywa chake, mbele yetu, naye atatoka kwa sheria ile ile aliyoingia nayo. Hao huheshimu sheria kuliko sisi."

Wakamwinua Muhanad, wakamsimamisha katikati ya chumba, mashine mbele yake, Asmaa ubavuni pake amemshika mkono, Bi Hamdiya mlangoni. Mwalimu akamweleza taratibu, neno baada ya neno. "Umefahamu, mwanangu? Mkeo huyu aliyekutia matatani, mwache. Talaka tatu, asirudi."

"Nimefahamu, Mwalimu."

"Bismillahi, sema."

Muziki ulinyamaza. Asmaa alisikia moyo wake, akasikia pumzi ya mumewe, akaubana mkono ule aliouzoea kila kifundo chake, na akaomba, Ya Rabbi, nirudishie huyu, sitaki kingine. Muhanad alivuta pumzi. Akageuza uso polepole, akaupita uso wa mashine, akaupita wa Mwalimu, akamtazama mkewe machoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Asmaa," alisema, "nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha."

Bi Hamdiya ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Haisimami. Mwenye pepo talaka yake haisimami, Mwalimu, mwambie."

Mwalimu Uweso alimkalisha Muhanad, akamuuliza jina la babake na la mamake, leo siku gani, swala ya adhuhuri rakaa ngapi. Muhanad alijibu yote sawasawa. Akamwambia asome Fatiha, akaisoma kwa sauti nzuri, hata herufi moja hakuikosa. Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Ana akili zake timamu," alisema. "Neno limetoka, na mashahidi ni sisi. Nisamehe, mwanangu. Maneno nimempa mimi."

Asmaa alifunga nguo zake katika shuka. Alitaka kumchukia mumewe na hakuweza. Akapita chumba cha mbele kwa sababu njia ya uani ilikuwa nyembamba, haipitiki na mzigo. Muhanad alikuwa amesharudi kwa mashine, mkono mmoja kwenye kifimbo cha kuendeshea, mwingine kwenye vitufe, na yule binti wa hekalu alikuwa akipaa peke yake juu ya mabonde ya mpunga, hatupi karatasi hata moja, kwa kuwa kule juu hapakuwa na mtu tena. Mahali pa mwanamke palikuwa anga tupu.

"Katoka," Bi Hamdiya alinong'ona, nusu anaamini. "Asmaa, tazama, katoka."

Asmaa alitazama. Kisha akatazama juu ya mashine, kisutu hakikuwepo.

Mwalimu aliwatoa haraka mpaka barazani, wote watatu, jua la adhuhuri likiwachoma utosi. Asmaa aligeuka mara ya mwisho. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Muhanad kwa mgongo, mikono yake yote miwili ingali juu ya mashine, na mkekani kando yake sahani mbili. Harufu ya udi ikaja mlangoni, ikasimama hapo.

Mlango ulisukumwa taratibu, ukafungwa. Wakasikia komeo likipita kwa ndani.