Hati Iliyofichwa Ndani ya Ramani

Kila asubuhi, nusu saa kabla ya kengele, nilipita ofisini kwa Bi Karani. Nilifagia chini ya meza, nikafuta vumbi juu ya kabati la mafaili, kisha nikanawa mikono na kuikausha vizuri. Hapo ndipo niliporuhusiwa kushika kalamu.

Bi Karani alikuwa ameteleza kwenye ngazi akavunjika mkono wa kulia. Mkono ulifungwa plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko, naye alikuwa na kazi isiyoweza kusubiri: fomu za kuandikisha darasa letu kwa mtihani wa mwisho. Fomu hizo zilijazwa kwa mkono, kwa wino mweusi, bila kufutafuta. Jina litakaloandikwa pale ndilo litakalochapwa kwenye cheti cha kumaliza shule.

"Niletee yule mtoto mkimya mwenye mwandiko," alimwambia mwalimu wetu wa darasa. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Zamani wenzangu waliniita Kalamu, na nililipenda jina hilo. Mimi si msemaji. Nikiulizwa swali darasani, sauti hunikwama kooni. Lakini nikiandika, hata mwalimu mkuu husimama nyuma yangu akatazama. Kuitwa Kalamu kulinifanya nijione na mimi nina kitu.

Kisha Kipaza akaliua jina hilo.

Tulimwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake. Akinong'ona, darasa la jirani wanamsikia. Mama yangu huwafulia nguo kwao. Mwanzoni mwa mwaka, mama yake Kipaza alimpa mama sketi ya shule, kuukuu lakini nzima, yenye doa dogo la wino kwenye pindo. Niliivaa Jumatatu. Tulipokuwa mstarini, Kipaza aliinama akaliona lile doa.

"Jamani, sketi yangu hiyo!" alipaza sauti. "Mbona imempendeza kuliko mimi? Mwambie mama yako asisahau kuifua!"

Mstari mzima uliangua kicheko. Tangu siku hiyo sikuitwa tena Kalamu. Niliitwa Sketi. "Sketi, niazime rula." "Sketi, leo umevaa za nani?" Hata watoto wa darasa la pili walinifuata wakiimba hivyo. Sikumwambia mama, maana angeumia kuliko mimi. Nilinyamaza, lakini ndani nilichemka kama sufuria iliyofunikwa. Kila nilipoikunja sketi ile nilijiambia: ipo siku. Atanitambua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne.

Nilikuwa mezani na mafaili ya wanafunzi. Ndani ya kila faili mlikuwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Nilisoma jina, nikaliandika kwenye fomu, nikaweka faili upande wa kushoto. Mlango ukagongwa, akaingia baba yake Kipaza. Watu humwita Fundi, kwa sababu anatengeneza mafriji. Alivaa shati safi la mikono mirefu, ingawa kucha zake zilikuwa bado na weusi wa grisi. Mkononi alishika bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba yai.

"Bi Karani, imetoka!" alisema.

"Hati ya jina?"

"Hati ya jina. Na muhuri wake huu hapa."

Nilisikiliza bila kuinua kichwa. Kumbe Fundi hakumzaa Kipaza. Baba aliyemzaa aliondoka Kipaza akiwa bado anatambaa, na hakurudi hata kuuliza hali. Fundi ndiye aliyemlea, na mwaka huu mtoto mwenyewe aliomba aandikwe jina la baba anayemjua. Mama yake na Fundi walikwenda kwa wakili, wakala kiapo. Wakapeleka maombi kwa msajili. Tangazo likatoka kwenye gazeti la serikali, wakangoja kama kuna mtu wa kupinga. Hakutokea mtu. Baada ya miezi mitano, hati ikatoka.

"Sasa ni kazi ya kuzunguka," Fundi alisema akicheka. "Ofisi ya vitambulisho, kliniki, kila daftari lenye jina la zamani lazima lione karatasi hii. Lakini nimeanzia hapa, maana fomu za mtihani hazingoji mtu."

"Nakala yake iko wapi?"

"Umeme umekatika mtaa mzima, mashine zote zimelala. Nakuachia hii yenyewe. Nitaipitia keshokutwa."

Bi Karani alisita. "Hati halisi haiachwi ovyo, Fundi."

"Kwako wewe sina wasiwasi, dada yangu."

Bi Karani aliipokea, akaibana kwenye faili la Kipaza kwa pini. Kwa ule mkono mmoja, hakuhangaika kuiandika kwenye daftari la mapokezi. Alinisogezea faili. "Huyu muandike kama hati inavyosema, si kama cheti cha kuzaliwa. Umenielewa?"

"Ndiyo, Bi Karani."

Mwalimu mkuu akamwita. Nikabaki peke yangu.

Nilifungua faili. Hati ilikuwa nzuri, nene, yenye muhuri mwekundu pembeni. Jina la kwanza lilikuwa lilelile. Mawili yaliyofuata yalikuwa mapya. Niliitazama nikamkumbuka Kipaza ameinama kwenye pindo la sketi yangu. Yeye alininyang'anya jina langu kwa sentensi moja tu. Hakwenda kwa wakili. Hakutangaza gazetini ili nami nipate nafasi ya kupinga. Basi na mimi nimnyang'anye lake, aone inavyouma.

Nilichomoa pini. Kwenye pembe ya ofisi ilisimama ramani ya dunia iliyokunjwa kama mkeka na kufungwa kamba. Nikaiviringisha hati, nikaisukuma katikati ya ramani, ikazama. Kisha nikaandika jina la zamani la Kipaza kwenye fomu, polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wa majina yote niliyowahi kuandika.

Jumatano saa nne, nakala ya orodha ilibandikwa ubaoni ili kila mmoja ahakiki jina lake.

"Pisheni, pisheni!" Kipaza, ambaye tangu jana alitangazia shule nzima habari za jina la Fundi, alikuja akisukuma watu. "Nataka kuona jina langu jipya!"

Nilikuwa nimesimama bombani nikijifanya nakunywa maji. Nilimwona akishuka na kidole kwenye orodha. Kidole kikasimama. Mvulana mmoja aliyekuwa nyuma yake akalisoma jina la zamani kwa sauti, lote, mpaka mwisho.

"He! Jina jipya liko wapi? Fundi amekukataa?"

"Labda amekurudisha ulikotoka!"

Wakacheka. Kipaza alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sauti haikutoka. Aligeuka akakimbilia nyuma ya vyoo. Mimi niliinama tena bombani nikanywa. Maji yale yalikuwa matamu kweli.

Mchana ule Bi Karani alipekua ofisi nzima. Aliinua mafaili kwa mkono mmoja, akaangalia chini ya kabati, akamwaga hata kikapu cha taka.

"Mwanangu, ulipofika kwenye faili lake, hati uliiona?"

"Hapana, Bi Karani."

Mwalimu mkuu alisimama mlangoni. "Fomu zinaondoka kesho saa sita mchana. Bila hati siwezi kubadili hata herufi moja. Na wewe Bi Karani, kupokea hati halisi bila kuiandika kwenye daftari ni kosa. Utaniandikia barua ya maelezo, na mimi nitaipeleka juu."

Nilijiambia hayo hayanihusu. Ugomvi wangu ni na Kipaza tu. Lakini jioni nilisukuma sahani kabla ya kushiba.

Alhamisi asubuhi Fundi alikuja kuchukua hati yake. Nilidhani atafoka. Aliposikia imepotea, alikaa kwenye benchi, akafuta uso kwa kiganja.

"Basi tutaanza upya," alisema.

"Na mtihani?" Bi Karani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ataufanya kwa jina lile. Cheti kitasema hivi, kitambulisho kitasema vile. Kila atakapokwenda atakuwa mtu wa kujieleza." Kisha akanitazama. "Wewe ndiye Kalamu?"

Nilishtuka. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu kuniita hivyo.

"Nyumbani anakuita Kalamu," Fundi alisema. "Nilipoileta hati aliniambia, 'Baba, jina langu ataliandika Kalamu. Ana mwandiko, litakaa vizuri.' Nikamwambia, basi limefika kwenye mikono salama."

Hasira ilinipanda upya. Kumbe jina langu alilijua siku zote! Nyumbani Kalamu, shuleni Sketi! Nilitaka kumwambia baba yake hayo yote palepale. Nikageuka, nikamwona Bi Karani. Alikuwa ameanza barua yake ya maelezo kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikwenda kombo, kubwa, zikipanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Huyu mama hakuwahi kuniita Sketi hata siku moja.

Nilitazama pembeni. Ramani haikuwapo.

"Bi Karani, ramani iko wapi?"

"Mwalimu wa jiografia kaichukua, yuko darasa la tano. Ya nini sasa hivi?"

Nilikimbia mpaka darasa la tano, nikaingia bila kubisha hodi. Mwalimu alikuwa amekwisha kulegeza kamba.

"Mwalimu, naomba usiifungue!"

Sauti ilitoka kubwa mpaka nikajiogopa mwenyewe. Watoto wote waligeuka. Niliingiza mkono ndani ya ramani mbele ya macho yao, nikaitoa hati. Ilikuwa imejipinda, lakini nzima.

Ofisini nilimkuta mwalimu mkuu pia. Niliiweka hati mezani.

"Niliificha mimi. Bi Karani hajapoteza kitu."

Kisha nikasema yote, ya hati na ya sketi, nikiangalia sakafu. Fundi aliishika hati, akainyoosha juu ya goti lake taratibu.

"Mwiteni mwanangu," alisema.

Kipaza alikuja macho yamevimba. Baba yake hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Ulimcheka mwenzako kwa sketi tuliyotoa sisi?" Kipaza akainamisha kichwa. Machozi yakadondoka kwenye viatu vyake.

"Ya adhabu baadaye," alisema mwalimu mkuu. "Saa hizi ni saa tatu. Fomu hairuhusiwi kufutwa, kwa hiyo ukurasa mzima wa majina arobaini unaandikwa upya. Nani ataandika?"

Bi Karani aliinua plasta yake. "Aliyeharibu. Na huyu mwenye sauti atamsomea."

Tulikaa meza moja. Kipaza alisoma majina, mimi nikaandika. Mwanzoni alisoma akitazama ukutani. Kufikia jina la kumi alianza kuningoja nimalize herufi ya mwisho. Tulipofika kwenye hati yake, aliisoma kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Niliandika. Aliinama akalitazama jina likikauka.

"Limekaa vizuri," alisema. Kisha, bila kunitazama: "Ile ya mstarini... nisamehe."

Sikumsamehe hapohapo. Nilimwambia, "Soma linalofuata," na yeye akasoma.

Saa tano na nusu tulimaliza. Bi Karani alikagua kila mstari, akagonga muhuri kwa mkono wa kushoto. Kisha akatugeukia.

"Mmeona alivyohangaika Fundi kubadili jina moja? Kiapo, wakili, tangazo, kungoja miezi. Mnadhani ni kwa nini? Kwa sababu jina ni la mtu, na halibadilishwi kwa siri wala kwa nguvu. Mwenyewe lazima akubali na watu wajue. Sasa ninyi wawili mmebadilishiana majina bila kuulizana. Wewe Kipaza kwa mdomo, na wewe kwa kalamu."

Akanishika bega. "Ulionewa, mwanangu, na ulikuwa na haki ya kushtaki. Ungekuja hapa ile Jumatatu, ningesimama na wewe mstarini. Lakini ulichagua kulipiza kwa kuficha. Ulimlenga Kipaza, ukanipiga mimi, ukampiga na huyu baba ambaye hajakukosea lolote. Anayeonewa aseme. Na anayeaminiwa karatasi za watu azilinde hata kama ni za adui yake."

Sikushika tena kalamu ofisini kwake muhula ule. Nilifagia na kufuta vumbi tu, na mama aliitwa shuleni. Nilimweleza mwenyewe kabla hajafika, pamoja na habari ya sketi. Akasema, "Mimi kufua sioni aibu. Aibu nimeiona leo."

Jumatatu iliyofuata nilivaa sketi ileile. Tulipokuwa mstarini, mvulana mmoja akaanza, "Sketi, niazime..."

Hakumaliza. Kipaza aligeuka, na shule nzima ikasikia, pengine na mtaa wa pili:

"Anaitwa Kalamu! Mwenye pingamizi ajitokeze!"

Hakutokea mtu.