Jezi ya Marehemu Niliyoiita Feki

Nina umri wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, na nina kibanda cha jezi sokoni Migori. Wasomaji wenzangu, mdomo wangu huu ulimvunjia heshima ndugu yangu akiwa tayari kaburini.

Kwa miaka kumi na mmoja nilijisifu kwamba jezi feki hainipiti. Nikiigeuza ndani nje, nikatazama mshono na kupapasa nembo ya kifuani, nimemaliza. Nembo imedariziwa? Ni halali. Imebandikwa? Ni feki! Wateja waliniita daktari, nami kichwa kikavimba.

Ndugu yangu Owino alikuwa winga mwenye mbio kuliko wote pale kwetu Kosele. Aliitwa Nairobi kufanya majaribio, goti likamharibikia siku ya tatu, akarudi nyumbani akichechemea na jezi moja nyekundu. Alisema mchezaji wa timu ya taifa aliivua mwilini akampa ili asikate tamaa. Wengine walimcheka. Yeye hakuivaa hata siku moja. Ilipochanwa mkono na msumari ilikotundikwa, mama aliishona kwa uzi wa buluu, maana ndio uliokuwepo.

Mwaka jana figo zilimuua... Baada ya mazishi tuliketi, kama ilivyo desturi yetu, kugawa nguo zake. Mama alitaka jezi iwe ya Atieno, binti pekee wa marehemu, wa miaka kumi. Hapo baba mdogo akanirushia, "Si wewe ndiye daktari wa jezi? Hebu tuambie kama Owino hakuwa anatubeba ufala na uongo wake."

Kwa nini sikunyamaza? Kwa nini sikusema tu ni nzuri, mtoto achukue? Niliigeuza mbele ya watu wote. Nembo ilikuwa imebandikwa! Kitambaa kilikuwa chepesi, kina vitundu, hakikufanana na cha jezi zangu hata kidogo. Nikatamka kwa sauti kwamba ni feki.

Baba mdogo alicheka. Mama aliinamisha kichwa. Atieno aliisukuma kando, akasema haitaki. Kevo, mshirika wangu wa biashara, mtu aliyebeba jeneza la ndugu yangu, akaomba nimpe akafutie pikipiki. Nikampa... kwa mikono yangu miwili!

Miezi sita baadaye alikuja mteja kutoka mjini Homa Bay, akauliza kama nina jezi za wachezaji wenyewe, si za mashabiki. Nikamwuliza tofauti ni gani. Alinishangaa! Akanieleza kwamba zile za uwanjani nembo hubandikwa kwa joto ili isimchubue mchezaji kifuani, na kitambaa huwa na vitundu ili jasho likauke. Za kudariziwa ni zetu sisi mashabiki. Akatoa simu anionyeshe picha ya moja aliyonunua kwa Kevo, akaiuza ng'ambo. Mkononi... uzi wa buluu!

Nilikaa chini pale pale, kati ya jezi zangu za kudariziwa.

Nilimpigia Kevo nikilia. Alikiri kwamba alijua ni halali tangu siku ile ya matanga! "Madhe, si wewe ndiye ulisema ni feki? Mimi nilipewa tu matambara." Akakata simu, na mpaka leo haipokei.

Nilienda Kosele kukiri. Mama hakunigombeza, na heri angenigombeza. Atieno akauliza, "Waya, kwa hivyo baba hakudanganya?"

Nikamjibu hapana, hakudanganya, shangazi yako ndiye alikosea.

"Basi enda uambie wale wote walicheka."

Nimezunguka boma kwa boma nikitangaza kosa langu. Wengine hunihurumia. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na hiyo jezi iko wapi tuione?" Ningemwonyesha nini?

Kevo nimemwachia Mungu. Mimi mwenyewe ndiye nashindwa kujisamehe. Wewe unayesoma hapa na unasifiwa kwa ujuzi wako, iwe ni jezi, simu au dawa, nakusihi usipite nilipopita! Siku utakayoletewa kitu usichokifahamu, na watu wamekukodolea macho, sema hujui. Neno hilo moja tu ningelisema, Atieno angekuwa na jezi ya baba yake.